Krismasi Tuliyoalikwa Ujerumani

Ashukuriwe Mungu, mwenye kuleta mvua na mwenye kuizuia, aliyenijalia miaka mingi kuliko nilivyoomba, akaniachia macho ya kuwaona wajukuu na masikio ya kuwasikia wakibishana. Yeye ndiye ajuaye kwa nini wengine huitwa mapema na wengine tukaachwa tuzeeke. Nimeacha kumuuliza. Ninachokisimulia hapa nilikiona nikiwa mtoto, kijijini kwetu upande wa Haneti, na pale nitakapokosea yeye anajua ilivyokuwa.

Juzi mkwe wangu alirudi hapa nyumbani Kizota na mfuko mkubwa wa makoti ya mitumba. Krismasi hii yeye na mwanangu wanawapeleka watoto Ujerumani, kwa binti yangu anayefanya kazi huko. Wajukuu wangu hao wawili wako sekondari, msichana na mvulana, wapo katika ule umri wa kujua kila kitu. Msichana alichomoa koti moja akanisogezea puani.

"Bibi, nusa. Linanuka Ulaya."

Nikanusa. Ilikuwa harufu ya naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, pamoja na sufu iliyokaa siku nyingi gizani. Nikatafuta kiti nikakaa.

Wakati huo mvulana alikuwa anaongea na shangazi yake kwenye simu, sauti imefunguliwa, nyumba nzima tunasikia. Aliuliza watalala chumba gani. Aliuliza kama theluji itakuwepo kweli au watu huisifia tu. Kisha akasema, "Shangazi, lakini unatutaka wote kweli, au ulisema tu?"

Mama yake aliruka. "We Danieli! Huna hata haya? Mtu amekualika, wewe unamhoji kama polisi?"

"Mwache aulize," nikasema.

Wakageuka wote kunitazama, kwa sababu katika nyumba hii ni mimi niliyewafundisha kwamba anayekaribishwa hushukuru akanyamaza. Sikuwaeleza. Nawaeleza ninyi mlio wa rika langu, mliolelewa kama nilivyolelewa mimi.

Tulikuwa watoto watatu. Kaka yetu Yona alikuwa ameanza kuota ndevu na sauti yake ilikuwa inapasuka pasuka. Dada yetu Damari alimfuata kwa karibu. Mimi nilikuja nyuma sana, wakati mama alikuwa amekwisha kugawa nguo za watoto wachanga, kwa hiyo waliniita Kadogo. Baba alikuwa fundi wa pampu za visima. Mama alilima, kama mama zenu walivyolima, na alikuwa mshika ufunguo wa kanisa.

Damari alikuwa mgonjwa wa moyo, nisiwafiche tangu mwanzo. Ilianza kwa koo na viungo kuuma, akapona, tukasahau. Baada ya muda pumzi ikaanza kumwishia njiani akitoka kisimani. Jioni miguu yake ilivimba, na ukiibonyeza kwa kidole shimo lilibaki palepale, kama kwenye udongo wa kufinyangia. Daktari wa hospitali ya misheni alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akamwambia baba kwamba ndani ya moyo kuna kitu kama mlango kinachopaswa kufunga kila damu inapopita, na cha Damari hakifungi. Akasema huku kwetu hakuna wa kukitengeneza.

Mama alihitaji kuelezwa mara mbili. Baba alielewa palepale, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Pampu ambayo vali yake haifungi hupandisha maji nusu, kisha maji hurudi chini, na mtu anaweza kusukuma mkono wa pampu mpaka akachoka. Vijiji vingi vilikunywa maji kwa sababu baba alijua kukata kipande cha ngozi na kukipachika mahali pake. Tuliporudi nyumbani siku ile alikaa na mfuko wake wa spana magotini, hakuufungua wala hakuuweka chini.

Aliyekuwa akifanya kazi na baba ni Mjerumani mmoja aliyeishi misheni miaka mingi, watu walimwita Bwana Visima. Alikuwa mrefu, mwenye shingo nyekundu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri ila kilitokea kooni. Mkewe tulimwita Mama Visima. Muda wao ulipokwisha, mavuno yakiwa yameingia ndani, walikuja kutuaga. Mama alichinja jogoo. Walikaa chini kwenye mkeka ndani ya tembe yetu, wakanawa katika bakuli letu, wakala ugali wa uwele na mlenda kwa mkono, na Bwana Visima akalamba vidole kama mtu wa kwetu.

Alipomaliza akamtazama Damari, aliyekuwa ameegemea ukuta. Akasema, "Krismasi hii mnakuja kwetu Ujerumani. Wote. Sitaki kusikia baba amekuja peke yake. Safari ni juu yangu. Nina rafiki, ni daktari wa moyo, daktari mkubwa. Damari atamwona. Kisha tutakula pamoja kama leo."

Mama aliweka chini bakuli alilolishika akatoka nje. Tulimsikia nyuma ya nyumba akiomba kwa Kigogo, maana mambo mazito hakuyaomba kwa Kiswahili. Baba alishika mkono wa mgeni kwa mikono yake yote miwili.

"Tumepokea," akasema. "Mungu akubariki."

Hakusema zaidi, na kwa desturi yetu yalikuwa yamekwisha. Mtu amekula chunguni mwako, ametamka neno mbele ya mkeo na watoto wako, nawe umelipokea. Kilichobaki ni kujiandaa.

Kesho yake Mama Visima alituletea katoni ya sweta. Zilikuwa na harufu ile. Yona alivaa yake hapohapo, jua la mchana likiwaka, akazunguka uwanjani mikono mfukoni huku jasho linamtiririka.

"Danke, danke," akawa anatuinamia. Lilikuwa neno pekee la Kijerumani alilokuwa amelishika, asante.

"Vua hiyo, utakufa na joto kabla hatujafika," Damari akamwambia. Alikuwa anacheka, na kucheka kulimfanya akohoe, lakini hakuacha kucheka.

Hivyo tukaanza kupanga. Sijawahi tena katika maisha yangu kuona watu wakipanga jambo kwa furaha kama ile. Kila jioni, chakula kikiisha na jua halijazama, tulikaa uwanjani tukapanga. Yona alipanga nani akae dirishani kwenye treni kutoka Dodoma mpaka Dar es Salaam. Mama alipanga zawadi. Alikuwa na karanga, mlenda uliokaushwa, na unga wa uwele kwa sababu Mama Visima aliupenda. Alitaka na jogoo.

"Jogoo mzima, mama? Ndani ya ndege?" Yona akauliza.

"Kwani ndege haina mahali pa kufunga kuku? Hata basi lina mahali."

"Na huko baridi itamuua. Itabidi umfumie sweta."

"Yako itamtosha, wewe si unajua kuwika?"

Damari alikuwa na shida nyingine, ambayo mama pekee ndiye aliyeichukulia kwa uzito. Ilikuwa viatu. Asubuhi miguu yake iliingia katika viatu vya shule, jioni haikuingia hata katika kandambili. "Nitashuka kwenye ndege nikiwa peku," alisema. "Watoto wa kule wataniangalia miguu tu. Wataniita tembo." Alikuwa msichana mzuri, na alikuwa amefika umri ambao msichana hutaka kuonekana mzuri. Mama alichukua kipande cha kanga nzito akamshonea kitu kama soksi pana, yenye kamba ya kulegeza. Damari aliikubali kwa maneno. Baadaye niliikuta ameificha chini ya kitanda.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuitaka Ujerumani. Bwana Visima aliwahi kuniambia kwamba kwao, wakati wa Krismasi, mtu akipumua unaiona pumzi yake inatoka mdomoni kama moshi. Nililifikiria jambo hilo siku nyingi. Huku kwetu pumzi haionekani, nikaona ni kwa sababu ni chache, ndiyo maana Damari hazimtoshi. Kule pumzi ni nyingi mpaka zinaonekana kwa macho, zinatoka kwenye vinywa vya watu na kupotea hewani bila mtu kuzihitaji. Basi tukifika, Damari atapumua tu zilizopo. Habari za daktari niliziona ni nyongeza. Nilimweleza Damari hesabu yangu hiyo, naye akanisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu.

"Kumbe," akasema. "Basi ndege ikitua tu nitafungua mdomo."

Jirani yetu alikuwa Baba Ndahani, mtu wa maneno mengi na watoto wengi, ambaye shamba lake lilikuwa mawe matupu. Tangu habari zilipoenea alitusalimia kwa kelele akiwa bado mbali.

"Mbukwenyi, enyi Wadachi!" Ndivyo wazee walivyowaita Wajerumani wa zamani. "Baba yangu aliwabebea Wadachi mizigo mpaka bega likaota sugu. Wewe Baba Yona unakwenda kubebewa! Dunia imepinduka."

"Nitakuletea mzigo mmoja uubebe, usiisahau kazi ya ukoo," baba alimjibu, nao wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Siku moja katika cheko hilo baba akasema neno lililokuja kutugharimu. Mnajua mvua zetu. Zinakuja mara moja kwa mwaka, zinakaribia Krismasi, na asiyekuwa shambani wakati huo amepoteza mwaka mzima. Baba alikuwa na kipande kizuri cha mbuga, udongo mweusi unaoshika maji. Akamwambia Baba Ndahani, "Mvua ikija sisi hatupo. Chukua ile mbuga yangu. Lima, panda, vuna. Msimu huu ni yako."

Baba Ndahani aliacha kucheka. Alivua kofia. "Baba Yona, usinitanie kwa jambo kama hilo."

"Sikutanii. Nimekupa."

Mwezi ukapita na mwingine ukapita. Upepo wa kiangazi ulikuja na vumbi lake, majani yakaisha, ng'ombe wakaonyesha mbavu. Kutoka Ujerumani halikuja neno. Mama alianza kwa upole.

"Baba Yona, ungemwandikia Bwana Visima salamu. Umuulize tu anaendeleaje."

"Nikimwandikia sasa atajua nauliza safari."

"Na si ndiyo tunayouliza?"

Baba akaweka chini kisu alichokuwa akikatia ngozi. "Mtu alikaa hapo ulipokaa wewe. Alikula kwako. Alisema mbele ya watoto. Leo nimwandikie, 'Je, ulikuwa unasema kweli?' Atajisikiaje? Mimi nikimwalika mtu Krismasi, akaniletea mjumbe kuniuliza kama chakula kitakuwepo, nitamwonaje?"

"Mtoto anaumwa."

"Naye anajua anaumwa. Ndiyo maana alisema. Yeye ndiye mwenye nyumba, yeye ndiye ajuaye lini atatuma tiketi. Tukimharakisha tutakuwa ombaomba."

Mama hakubishana. Alikuwa amelelewa kama yeye. Nafikiri moyoni alikubaliana naye, na hilo ndilo lililomuumiza baadaye kuliko lolote. Yona tu ndiye aliyethubutu kusema anaweza kuandika yeye, Kiswahili chake ni kizuri, hatamtaja baba. Baba alimtazama mpaka Yona akainama. Tulimheshimu baba. Hakuwahi kutupiga, wala sikuwahi kumsikia akisema jambo lisilo kweli, hata la kumnyamazisha mtoto anayelia.

Damari aliacha shule. Kisha aliacha kwenda kanisani. Kisha hakuweza tena kulala chali. Mama alimwekea nyuma ya mgongo gunia la karanga zile za zawadi, na hapo ndipo alipolala, nusu amekaa. Tuliendelea kupanga, ila sasa tulipangia ndani ili asikie, na sauti zetu zilikuwa ndogo. Yona alimwachia kiti cha dirishani. Mama hakumtaja tena jogoo. Nilimwuliza mama siku ya kuondoka itakuwa lini, akaniambia nikachote maji.

Jumapili moja ya Majilio, Krismasi ikikaribia, baada ya ibada, mchungaji alimwita baba kando. Alikuwa na muuguzi mgeni, msichana wa Kijerumani aliyefika misheni siku zile, uso wake bado unababuka kwa jua. Hakujua Kiswahili, mchungaji ndiye aliyetafsiri. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa baba, ndiyo maana nilisikia.

Mchungaji akasema, "Dada huyu ametoka mji uleule wa Bwana Visima. Amekutana nao kabla ya kuja. Wanakusalimu sana. Anauliza... anaomba radhi kama si vizuri kuuliza. Anauliza kwa nini mlikataa."

"Tulikataa nini?" baba akasema.

Yule muuguzi akaanza kueleza, anatumia mikono, na mchungaji akawa anatafsiri polepole zaidi na zaidi. Kwamba Bwana Visima na mkewe walikuwa wametayarisha vyumba viwili. Kwamba yule daktari alikubali, akaweka nafasi ya Damari hospitalini kwake. Kwamba walingoja kusikia ni siku gani baba ataweza kusafiri, kwa kuwa kwao aliyealikwa ndiye anayesema, ndiyo nitakuja, nitakuja siku fulani. Na akinyamaza, mwenyeji huona kwamba hataki, na si adabu kumsukuma. Walifikiri labda baba anaogopa kisu cha daktari. Waliona wamheshimu. Nafasi ile amepewa mtoto mwingine.

Baba alikuwa ameshika kofia yake ya Jumapili mkononi. Aliitazama ndani, kana kwamba kuna kitu kimeanguka humo.

"Mwambie tunashukuru," akasema.

Yule msichana alielewa mambo yalivyokuwa alipouona uso wa baba, akaanza kulia. Akasema ataandika upesi, usiku huohuo, waombe nafasi nyingine. Mchungaji alitafsiri hilo kwa haraka, karibu kwa furaha. Baba akauliza barua inachukua muda gani. Wakaambizana, wakamjibu ni wiki kadhaa. Baba akatikisa kichwa taratibu, akashukuru tena. Siku chache kabla ya hapo daktari wa misheni alikuwa amekuja kumwona Damari kitandani, akasema kwa hali ilivyo hatafika hata stesheni ya Dodoma.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na baba. Nilitembea nikirukaruka. Nilikuwa nimesikia kwamba vyumba ni viwili, na hilo ndilo nililobeba kichwani: vyumba viwili, na muuguzi ataandika.

Alimweleza mama jikoni. Mama alisikiliza huku anakoroga ugali, akaupakua, akaufunika. Ndipo aliposema, bila hasira, "Tuliogopa kuonekana ombaomba."

"Nilidhani heshima ni hiyo," baba akasema.

"Na mimi nilidhani hivyo."

Nimeishi na maneno hayo mawili maisha yangu yote. Nimefundisha watoto wa watu katika Shule ya Jumapili, nimekaa na wafiwa, nimesuluhisha ndoa, na kila mara mtu aliponiuliza, "Sasa nani alikosea?" nimewaona wale wawili jikoni, na wale wawili kule ng'ambo na vitanda vyao vilivyotandikwa. Sikumpata wa kumshtaki. Kila mmoja alimpa mwenzake heshima kama alivyoijua, na Damari alikuwa katikati.

Mvua ilikuja mkesha wa Krismasi, mvua nzuri, ya kunyesha polepole. Kijiji kizima kilinuka udongo. Krismasi asubuhi tuliimba, na kanisani watu wengi walikuwa wanatazama nje kuliko mbele. Tulipotoka, Yona alimsimamisha baba njiani. Sauti yake ilikuwa imekwisha kutulia, ilikuwa sauti ya mwanamume.

"Baba, mwambie Baba Ndahani atuachie mbuga. Hatujaondoka. Tutakula nini?"

"Nimeshampa."

"Ulimpa kwa sababu tunasafiri!"

"Sikumwambia nampa kama nikisafiri. Nilimwambia nimempa."

Kumbe Baba Ndahani naye alikuwa na yake. Mchana ule alikuja, na kwa mara ya kwanza hakupiga kelele kutoka mbali. Alisimama mlangoni, maji yanamdondoka kofiani. "Baba Yona, nimekuja kurudisha shamba. Mimi si mnyama."

"Keti ule," baba akamwambia. "Shamba ni lako mpaka uvune."

"Una mgonjwa ndani."

"Una watoto wanane nje. Baba Ndahani, mwaka huu nimepoteza vitu vingi. Niachie angalau neno langu."

Yule mtu wa maneno mengi alivua kofia, akaketi. Alikula kidogo, akaondoka. Lakini kesho yake asubuhi baba alitutoa wote nyumbani, majembe mikononi, twende tukamsaidie jirani kupanda. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu, mvua ikishika majirani husaidiana, na baba hakutaka mbuga ile iwe sababu ya sisi kukaa nyumbani. Damari akasema naye anakwenda.

Mama akasema hapana. Damari akasema, "Mama, nimechoka na ukuta huu." Basi Yona akambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi, isipokuwa miguu. Alivaa sweta yake, na miguuni alikuwa amevaa zile soksi za kanga alizozichukia. Tulimkalisha juu ya gunia ukingoni mwa shamba, tukampa ungo wa mbegu za uwele achague zilizotobolewa na wadudu. Baba na Baba Ndahani walikwenda mbele wakichimba mashimo. Mama, Yona, mimi na watoto wa Baba Ndahani tulifuata nyuma, tunadondosha mbegu, tunafukia kwa mguu. Udongo ulikuwa mweusi na laini. Lilikuwa shamba letu zuri kuliko yote, nasi tulikuwa tunalipanda kwa mtu mwingine, na siwezi kusema kwamba hatukufurahi. Watoto wa Baba Ndahani walikuwa wanaimba.

Jua lilipopanda baba alikwenda kuchukua mbegu nyingine kwa Damari. Nilikuwa nyuma yake na kibuyu changu. Alichuchumaa mbele yake. Alikuwa hajamtazama usoni tangu Jumapili ile. Damari alimmiminia mbegu mkononi kidogo kidogo, akisimama kupumua, na baba alingoja, kiganja kimefunguka.

"Baba," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mwakani tuandike mapema. Sawa? Tuwaambie na siku tunayofika."

Baba alifunga kiganja. Alikaa hivyo, amechuchumaa, mpaka Baba Ndahani akamwita kutoka mbele.

"Tutaandika," baba akasema. "Mapema kabisa. Mara tu baada ya mavuno."

"Na mimi nitakaa dirishani."

"Utakaa dirishani."

Damari aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akauchukua tena ungo. Baba alirudi kwenye mstari wake. Nilimwona akichimba haraka kuliko Baba Ndahani, haraka kuliko inavyofaa mtu anayetaka kumaliza siku nzima.

Tulimzika kabla uwele haujafika magotini. Lakini asubuhi ile sikuijua siku hiyo. Nilikuwa nimemsikia baba, na baba hakuwa mtu wa kusema jambo lisilo kweli. Watu wote wakubwa shambani pale walikuwa wameinama, hakuna aliyeinua uso. Mimi peke yangu ndiye niliyetembea kwenye mistari nikidondosha mbegu na kuanza upya kupanga safari: nani atabeba nini, nani atakaa wapi.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akulinde pamoja na wagonjwa wa nyumba yako. Akupe watu wanaokutaka mezani pao, na akufungulie kinywa uwaulize unalotaka kuwauliza kungali mapema. Amina.